Anzia Masikioni: Jinsi ya Kuingia Ugothi kwa Muziki na Filamu za Giza

Watu wengi huingia ugothi, ule utamaduni wa muziki wa giza na mavazi meusi, kwa mlango wa nguo. Wananunua buti, wanapaka wanja, wanajipiga picha, na baada ya miezi miwili buti ziko uvunguni na wanja limekauka. Siwashangai. Nguo zile zilizaliwa na muziki, na muziki wenyewe ulikuwa umeshanyonya kwenye filamu za zamani, nyingine za enzi ambazo sinema haikuwa na sauti. Anayevaa kabla ya kusikiliza ni kama mtu aliyevaa sare ya timu ambayo hajawahi kuiona ikicheza. Kwa hiyo tutaanza masikioni, tupite machoni, na nguo zije mwisho kabisa.

Vitu vya kuandaa ni vitatu: hedifoni zinazotoa besi vizuri (spika ya simu itakula nusu ya muziki huu), chumba unachoweza kukizima taa, na daftari. La daftari nitalieleza huko mbele.

Hatua ya 1: Kaa na wimbo mmoja kwa dakika tisa na nusu

Zima taa, vaa hedifoni, laza simu kifudifudi. Wimbo wenyewe ni "Bela Lugosi's Dead" wa Bauhaus, vijana wanne kutoka Northampton, Uingereza. Waliurekodi Januari 1979, ukatoka Agosti mwaka huohuo. Kundi lisilojulikana kutoa santuri yake ya kwanza yenye wimbo wa dakika tisa na nusu hivi ulikuwa ukaidi mtupu.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Hapa unaanza kusikia kijiti kikigonga, tika-tika-tika, na kila mlio unaachwa uzunguke kwenye mwangwi mpaka hujui upi umepigwa sasa hivi na upi ni mzuka wa ule uliopita. Kisha inaingia besi. Noti zake ni chache na zinashuka, zinarudi juu, zinashuka tena, mtindo wa mtu anayeteremka ngazi gizani akipapasa ukuta. Gitaa halipigwi inavyozoeleka. Linakwaruza na kulia kama bawaba yenye kutu. Mwimbaji, Peter Murphy, bado kimya. Dakika mbili na ushee zinapita kabla hujasikia neno lake la kwanza.

Hapo ndipo wengi hubonyeza kwenda mbele. Usibonyeze. Ukishindwa kukaa na utupu huo, sehemu kubwa ya yanayofuata itakuchosha, na ni heri ulijue hilo leo kabla hujanunua buti.

Hatua ya 2: Mjue marehemu

Bela Lugosi alikuwa mwigizaji wa Kihungari aliyecheza Dracula, mnyonya damu, katika filamu ya Hollywood ya mwaka 1931. Nafasi ile ilimpa jina na ikamfunga. Maisha yake yote watu walimtaka awe yule yule. Alipofariki mwaka 1956 alizikwa na joho la Dracula. Miaka 23 baadaye vijana wa Northampton wakamtungia wimbo wa mazishi, na katika kiitikio wakaanza kumkatalia kufa kwake.

Rudia wimbo ukilijua hilo. Utasikia kitu ambacho huenda kilikupita mara ya kwanza: kuna mzaha ndani yake. Sauti ni nzito, popo na maua ya msibani vimejaa tele, lakini jamaa hawa wanacheza. Kwangu mimi hii ndiyo siri ya ugothi wote. Wasioujua hudhani ni dini ya shetani, au ni huzuni ya vijana waliokosa kazi za kufanya. Ukweli ni kwamba ni mchezo unaochezwa kwa uso mkavu, na anayecheza anajua kabisa kwamba joho ni joho. Ukikosa kukisikia kicheko kilichofichwa humo, utauchukulia muziki huu kwa uzito kuliko wenyewe waliouimba.

Filamu ya 1931 yenyewe itazame, ila nikuambie mapema: robo saa ya kwanza, kule kwenye kasri, ni dhahabu, baada ya hapo ni watu waliovaa vizuri wakizungumza sebuleni. Sikiliza pia ukimya wake. Ukiacha muziki wa "Swan Lake" mwanzoni na kipande kidogo cha jumba la muziki, filamu karibu yote haina muziki. Lugosi anazungumza taratibu, akiivuta kila silabi, na nyuma yake hakuna kitu. Ukitoka kwenye wimbo wa Bauhaus, utajua mara moja ule utupu waliutoa wapi.

(Na jina? Wagothi walikuwa watu wa kale walioipora Roma mwaka 410. Karne nyingi baadaye Waitaliano wakalitumia jina lao kuyatukana makanisa marefu ya zama za kati, kwamba ni ujenzi wa washenzi. Kisha Mwingereza Horace Walpole akaandika riwaya ya mizimu na kasri bovu, na toleo la 1765 akaliita hadithi ya kigothi. Tusi likageuka ladha.)

Hatua ya 3: Rudi nyuma mpaka kwenye filamu bubu

Anza na "Nosferatu" ya F. W. Murnau, Ujerumani, 1922. Watengenezaji wake waliichukua hadithi ya Dracula bila ruhusa ya mjane wa mwandishi Bram Stoker, wakabadilisha majina ya wahusika, wakadhani imepita. Mjane akaenda mahakamani, na mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizopona ndizo tunazotazama leo, na filamu iliyohukumiwa kifo haijaacha kutembea tangu hapo.

Kwenye kuchagua nakala, kuwa makini, maana mimi niliumia hapa. Mara ya kwanza nilitazama nakala mbovu ya kijivu na nikaishia kucheka: mnyonya damu amebeba jeneza lake mtaani mchana kweupe! Nikaidharau. Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba filamu ile haikukusudiwa iwe ya kijivu. Matukio ya usiku yalipigwa picha mchana, kisha mkanda ukatiwa rangi ya samawati ili mtazamaji ajue ni usiku. Ndani ya nyumba kwenye taa ukatiwa manjano. Nakala isiyo na rangi hizo imepoteza usiku wake wote. Tafuta iliyokarabatiwa na kurudishiwa rangi. Hakimiliki ya filamu yenyewe imekwisha, kwa hiyo haifichwi popote.

Kuna picha moja ya kuingoja karibu na mwisho: kivuli cha Orlok, mnyonya damu wa filamu hii, kikipanda ngazi. Yeye mwenyewe humwoni. Ni mgongo uliopinda, mkono mrefu, na vidole vinavyozidi kurefuka ukutani kadiri anavyoukaribia mlango. Hakuna damu wala kelele, na nywele zinasimama. Isimamishe hapo uitazame vizuri, kisha ujiulize ni majalada mangapi ya santuri umewahi kuyaona yaliyokopa mkono ule.

Ikifuata "Das Cabinet des Dr. Caligari" ya 1920, utaona kuta zilizopinda, madirisha ya pembe kali, na vivuli vilivyopakwa kwa brashi juu ya turubai badala ya kutoka kwenye taa. Mtazame Cesare, mtu anayetembea usingizini, aliyechezwa na Conrad Veidt: nguo nyeusi zinazobana, uso mweupe kama chokaa, macho yamezungushiwa weusi. Miaka 60 hivi baadaye sura hiyo iliingia klabu za London ikajiita mpya. Na weupe ule una sababu ya kiufundi. Mikanda ya picha ya wakati huo haikuiona vizuri rangi nyekundu. Midomo na ngozi yenye wekundu zilitoka nyeusi, ndiyo maana waigizaji walipakwa poda nzito. Yaani sehemu ya urembo wa kigothi ni kasoro ya kamera iliyorithiwa kama mapambo.

Hatua ya 4: Jifunze kuifuata besi

Katika muziki mwingi besi hubeba mzigo na gitaa hupewa sifa. Katika ugothi mara nyingi besi ndiyo inayoimba, na gitaa linatandaza ukungu. Ukiizoesha sikio besi, nyimbo ambazo zilionekana hazina mwendo zitaanza kwenda.

Somo zuri ni Joy Division wa Salford na Manchester, na albamu yao "Unknown Pleasures" ya 1979. Mabingwa wa kubishana watakuambia hawa si gothi, na wana hoja, lakini mizizi imepita kwao. Peter Hook alipiga besi kwenye noti za juu kwa sababu kikuza sauti chake kilikuwa kibovu na chini hajisikii. Tabia ya umaskini ikawa mtindo wa kuigwa. Mtayarishaji, Martin Hannett, aliitenganisha kila ngoma na mwenzake, akaweka nafasi kati ya ala mpaka unahisi kundi liko kwenye ghala tupu. Kwenye wimbo wa mwisho utasikia vioo vikivunjika huko nyuma. Visikilize kwa hedifoni, usiku, na usiseme sikukuonya.

Mwimbaji wao, Ian Curtis, alijiua Mei 1980 akiwa na miaka 23. Kuna watu wanaolipamba jambo hilo kana kwamba ndilo lililoufanya muziki uwe mzuri. Albamu ile ya kwanza ilitoka karibu mwaka mzima kabla ya kifo chake, na ilikuwa nzuri tayari.

Hatua ya 5: Albamu moja kwa wiki

Usichanganye nyimbo mia kwenye orodha moja. Albamu hizi zilipangwa zisikilizwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hali ya hewa yake hujijenga polepole. Chukua moja, ikae nawe siku saba.

Wiki ya kwanza, "Juju" ya Siouxsie and the Banshees, 1981. Siouxsie Sioux anaimba kama mtu anayetoa amri, John McGeoch anasuka gitaa ambalo wapiga gitaa bado wanalifumua kujua lilivyosukwa, na Budgie anazunguka kwenye ngoma nzito. Ndiyo ninayompa mgeni kwanza, maana ina kasi na haibembelezi.

Wiki ya pili, "Pornography" ya The Cure, 1982. Jina lisikutishe, ni nyimbo nane za kukata tamaa. Hii sikiliza mara mbili tu kwa wiki, si zaidi. Kundi lenyewe lilikaribia kusambaratika baada yake, na kabla mwaka haujaisha Robert Smith alikuwa ametoa wimbo mwepesi wa kuchezesha, kana kwamba anafungua dirisha. Ukiona imekuelemea, ruka kwenda "Disintegration" ya 1989, yenye huzuni ileile lakini pana, yenye mwanga.

Wiki ya tatu, The Sisters of Mercy wa Leeds. Hawakuwa na mpiga ngoma. Walikuwa na mashine ya ngoma, wakaipa jina Doktor Avalanche na kuihesabu kama mwanakikundi. Anza na "First and Last and Always" ya 1985, kisha "Floodland" ya 1987. Andrew Eldritch, mwenye sauti ya kutoka chini ya sakafu, hukataa kabisa kuitwa gothi. Zoea. Karibu kila kundi kubwa la kigothi hukana kuwa la kigothi, na ni mila kama mila nyingine.

Wiki ya nne utahitaji kupumua: Cocteau Twins wa Scotland, "Treasure", 1984. Elizabeth Fraser anaimba maneno ambayo hata wanaokijua Kiingereza vizuri hawayashiki. Kwa mara moja wote tuko sawa.

Sasa daftari. Kila wiki andika mambo matatu: sauti moja iliyokukaa, picha moja ya filamu inayofanana nayo, na jina moja la mtu aliyewatangulia hawa. Kwenye langu, wiki ya "Juju", niliandika hivi: "Gitaa la wimbo wa kwanza: kama kitu kinakimbia kwenye majani makavu. Picha: ukungu, Nosferatu, meli inayoingia bandarini bila nahodha. Kabla yao: Velvet Underground." Mstari huo wa tatu ndio utakaokupa kazi ya wiki inayofuata, na baada ya muda hutahitaji mwongozo wa mtu.

Hatua ya 6: Mahali sauti na picha zinapokutana

Julai 1982 usiku uitwao Batcave ulifunguliwa Soho, London. Mashabiki wa panki waliochoka na hasira walianza kwenda huko kwa ajili ya nywele zilizosimama, nailoni zilizochanika, mzaha wa jumba la kutisha, na muziki wa Specimen na Alien Sex Fiend.

Mwaka uliofuata ikatoka "The Hunger" ya Tony Scott, na mwanzo wake ndio darasa zima la mwongozo huu kwa dakika chache: Peter Murphy nyuma ya waya wa kizimba anaimba ule wimbo wa hatua ya kwanza, huku Catherine Deneuve na David Bowie, wanyonya damu wenye miwani meusi, wakichagua windo klabuni. Wimbo ulionyonya filamu ukarudi kuinyonya filamu nyingine. Hadithi inayofuata ina mapengo, nakiri. Mwanzo ule haunao.

Ukitaka zaidi, mwaka 1994 ilitoka "The Crow". Brandon Lee, aliyekuwa nyota wake, alifariki kwa ajali ya bastola wakati wa kupiga picha Machi 1993, na ni vigumu kuitazama bila kulikumbuka hilo. The Cure waliitungia wimbo, na Nine Inch Nails wakaimba upya wimbo wa Joy Division. Kwa wanaopenda polepole, "Only Lovers Left Alive" ya Jim Jarmusch, 2013, inaonyesha wanyonya damu wawili waliochoka na dunia lakini hawajachoka na gitaa. Na "A Girl Walks Home Alone at Night" ya 2014, inayozungumza Kiajemi, nyeusi na nyeupe, ina mnyonya damu aliyevaa chador, buibui la Kiajemi, anayepanda ubao wa magurudumu usiku. Baada ya joho la Lugosi, sijaona vazi lililobeba kivuli vizuri kama lile.

Hatua ya 7: Toka Uingereza

Los Angeles walikuwa na lao mapema: Christian Death walitoa "Only Theatre of Pain" mwaka 1982, Rozz Williams akiwa na miaka 18, na sauti ni chafu, kali, ya panki iliyolala makaburini. Hamburg, Xmal Deutschland walianza kama kundi la wanawake watupu, wakaimba kwa Kijerumani bila kuomba radhi. Siku hizi She Past Away wa Uturuki wanaimba kwa Kituruki, na Molchat Doma wa Minsk wanaimba kwa Kirusi. Wimbo wao "Sudno", ambao maneno yake ni shairi la Boris Ryzhy, ulizunguka dunia mwaka 2020 kwa watu wasiojua hata neno moja. Kama ulikuwa unajisikia mgeni kwa sababu ya lugha, basi umechelewa kujisikia mgeni.

Na karibu kila mwaka tangu 1992, wakati wa Pentekoste, mji wa Leipzig, Ujerumani, hujaa watu wa tamasha la Wave-Gotik-Treffen, takriban 20,000. Wanakula mandari bustanini wakiwa na miavuli meusi na magauni ya karne ya 19.

Hatua ya 8: Usichanganye majirani

Kwa kifupi. Metali ina gitaa zito mbele. Ugothi unaweka gitaa nyuma. Emo ilitoka kwenye hardcore, panki kali ya Marekani. Marilyn Manson, mwimbaji wa Marekani, ni mtoto wa roki ya kushtua na wa muziki wa viwandani (industrial). Kuvipenda vyote hakuna dhambi, ila ukiomba nyimbo za gothi ukaletewa hivyo, sasa unajua kwa nini besi imepotea.

Hatua ya 9: Pima hali yako, chagua mahali pa kutembelea

Muziki wa huzuni humsaidia mtu mmoja na kumzamisha mwingine, na mtu huyohuyo huweza kuwa wote wawili kwa siku tofauti. Ukimaliza albamu ukajisikia mwepesi, endelea. Ukigundua unairudia ili usiongee na mtu, funga, washa taa, mpigie unayemwamini. "Pornography" haitakimbia.

Na barabarani uwe na macho. Mwaka 2007, huko Lancashire, msichana wa miaka 20 na mpenzi wake walishambuliwa bustanini na vijana kwa sababu ya sura zao za kigothi, msichana akafariki. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester wakaanza kuandikisha mashambulizi ya namna hiyo kama uhalifu wa chuki. Anayekwenda usiku akiwa amejipamba, aende na wenzake.

Hatua ya 10: Sasa, nguo

Huhitaji duka maalumu. Batcave walivaa vitu vya mitumba walivyovikata wenyewe kwa mkasi, na nailoni zilizochanika zilichanika kweli. Anza na kitu kimoja ulichokiona: kola ya Cesare, miwani ya Deneuve, wanja la Siouxsie lililovutwa mpaka kwenye nyusi. Wanja ulichore macho yakiwa yamefumbuliwa ukitazama mbele, la sivyo upande mmoja utapanda. Rangi ya mdomo ya Robert Smith ni rahisi kuliko zote, kwani kuvuka mipaka ndiyo kanuni yake.

Weusi mpya ukikutana na weusi uliopauka, wa pili unaonekana kahawia, kwa hiyo vaa rika moja pamoja. Geuza nguo nje-ndani kabla ya kuifua, tumia maji baridi, na uianike kivulini.